Korongo Nililoligeuza Mgongo

Nilimchukia mkufunzi wetu wa jiografia kuanzia somo la kwanza, na sababu yake ilikuwa raba.

Tulikuwa vijana ishirini na wawili katika chuo cha ualimu nje kidogo ya mji wa Nakuru, miaka ile ya hamsini. Alituambia kila mmoja achore ramani ya kwao. Mimi nilichora shamba la setla wa Kizungu kule Molo, ambako baba alichunga kondoo na mama alichuma pareto. Niliweka mto, njia ya ng'ombe, na vibanda kumi na vitatu vya wafanyakazi. Cha mama nilikiwekea hata mti wake wa mlangoni.

Mkufunzi aliichukua, akaitazama, halafu akatoa ramani ya serikali na kuilaza kando yake.

"Hapana iko nyumba hapa," alisema. Darasani alifundisha kwa Kiingereza, lakini akitaka kumdharau mtu alitumia Kiswahili kile cha masetla. Akachukua raba, akafuta vibanda vyote mbele ya darasa, polepole, akipuliza vumbi la raba nikiwa nimesimama pale. "Wewe najua chora tu. Fikiri hapana."

Wenzangu walicheka. Mimi nilirudi kuketi na karatasi yenye mto na njia ya ng'ombe, bila mtu hata mmoja.

Muhula wa pili tulijifunza kontua, ile mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi. Hapo nilipata kitu changu. Nilikuwa nimepanda na kushuka miteremko nyuma ya kondoo tangu utotoni, kwa hiyo nilipotazama mistari ile magoti yangu yaliielewa kabla ya kichwa. Mkufunzi aliliona hilo. Akanituma nipime mteremko wote kutoka chuoni hadi ukingo wa shimo la volkeno la Menengai. Wiki tano nilihesabu hatua, nikasoma dira, nikachanwa na miiba. Yeye hakufika huko hata siku moja.

Kisha nikamsikia barazani akimwambia mkuu wa chuo kwamba mkaguzi kutoka Nairobi ataongozwa kwa ramani aliyoipima yeye mwenyewe.

Jumamosi mchana aliniita niinakili ramani kwa wino. Pembeni alikuwa ameshaandika jina lake.

Kwenye mteremko ule kulikuwa na korongo refu, kingo zake kama ukuta. Katika ramani, korongo na mgongo wa kilima huweza kuchorwa kwa mistari ileile. Namba ndizo husema kama unashuka au unapanda. Nilizigeuza namba. Juu ya mgongo huo wa uongo nikachora njia nzuri ya mkato. Halafu nikapeleka karatasi zangu zote za vipimo jikoni, nikazitia motoni. Ndizo zilizoniuma, maana ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Siku ya mkaguzi nilipewa kubeba miti ya kupimia. Tulikwenda saa nzima, mkufunzi mbele na ramani yangu mkononi, akieleza hili na lile. Tukafika ukingoni mwa korongo. Akasimama. Mkaguzi, mzee mnene aliyelowa jasho, akachukua ramani, akaitazama, akachungulia chini.

"Ulipima hapa mwenyewe?" aliuliza.

Mkufunzi alinigeukia. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni. Angesema nini? Akinitaja mimi, amekiri wizi. Akinyamaza, ni mjinga.

"Ndiyo," alisema.

"Umewahi kufika hapa?"

Mkaguzi akauliza kama kuna anayejua njia. Nikainua mkono, nikawatoa wote salama, mkufunzi akiwa wa mwisho nyuma yangu. Utamu wa kutembea kule sijaupata tena, hata siku ya harusi yangu.

Jioni alinijia peke yake. "Ni wewe," alisema.

"Mimi najua kuchora tu, bwana."

Alinipa alama ya chini kabisa, nami nikapita kwa masomo mengine. Mwisho wa mwaka aliondolewa. Nilimkuta kwenye stesheni ya Nakuru akihangaika na masanduku matatu, mpagazi hakuna. Aliniona.

"Saidia kidogo," alisema.

Niliweka mikono mifukoni. Sikumsogelea wala sikuondoka. Nilimtazama akiyaburuta moja moja hadi behewani, hadi shati likamgandama mgongoni.

Mke wangu, mtu wa kanisa, huniambia nimwombee. Nimejaribu. Kila nikifumba macho namwona ameinama akipuliza lile vumbi, na maneno ya sala yananikaukia mdomoni.