Pua ya Fundi wa Sakafu

Fundi wetu wa sakafu hapigi msumari kabla hajaunusa ubao. Huuinua hadi puani kama mama anayekagua maziwa, huugonga kwa kifundo cha kidole, kisha huusugua ukingo kwa dole gumba lenye kucha iliyopasuka. Wiki iliyopita, kwenye nyumba moja mtaa wa Oud Metha huku ughaibuni, alinusa ubao wa kwanza akaniambia taratibu, "Bosi, huu si mwaloni. Ni mkaratusi. Nimekua nao Mufindi." Ulikuwa mkaratusi kweli, ule mrefu wa misitu ya milima ya baridi huko Australia, na mimi nilikuwa nimemuuzia madam mwenye nyumba kama mwaloni. Madam akauliza, anasema nini? "Anausifu mwaloni wako," nikajibu kwa Kiingereza, lugha ambayo fundi anaielewa vizuri. Hakuinua kichwa. Jioni niliporudi kukagua, nilikuta mbao zote zenye mistari ya utomvu, ile inayoufichua mkaratusi, amezipanga pale litakapokaa kabati. "Khalas, bosi, yamekwisha. Hataona kitu." Akaninyooshea mkono wa kuniaga kama kawaida yake, nami nikajifanya natafuta funguo mfukoni.