Mama Futi Adai Haki ya Mguu wa Binti Yake

Walimwita Mama Futi kwa sababu futi yake ya ushonaji haikumtoka shingoni, hata akienda kununua chumvi. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, na watu wasiomjua walidhani upole wake ni woga. Walikuwa wanajidanganya.

Jumanne moja mchana, kitinda mimba wake, binti wa miaka saba, alirudi kutoka shule akilia, soksi moja imelowa damu. Mbwa wa mwenye duka la mbao alikuwa amemrukia njiani na kumng'ata shavu la mguu. Mama Futi hakupiga kelele. Aliusafisha mguu kwa sabuni na maji mengi, akafunga cherehani, akambeba mtoto mgongoni hadi hospitali.

"Sindano hizi hazirukwi, mama," muuguzi alimwambia, akimkabidhi kadi yenye tarehe. "Kichaa cha mbwa hakina mzaha."

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mwenye mbao, pande la mtu lenye penseli sikioni.

"Mwanao ndiye aliyemchokoza," alisema bila kuacha kupima ubao. "Aliingiza mkono getini. Mbwa wangu hatoki nje hata siku moja." Akachomoa noti mfukoni. "Mnunulie soda, yaishe."

"Soda haitibu kichaa cha mbwa, mzee wangu. Sikuja kugombana, nimekuja unilipe gharama."

"Nenda unakotaka!"

"Nitakwenda. Na tutaonana."

Alipotoka, macho yake yalitua chini ya geti. Ubao mmoja ulikuwa umeng'oka, umeacha uwazi. Mama Futi akapiga magoti pale pale vumbini, akavua futi yake, akapima uwazi ule: inchi kumi na nne. Kisha akapima kutoka getini hadi kando ya mtaro, mahali ambapo muuza mboga wa ng'ambo ya barabara alimwokota binti yake na mkoba wake: futi ishirini na sita. Wapita njia walimshangaa. Yeye akaandika.

"Utakuja kusema ulichokiona?" alimuuliza muuza mboga.

"Hata sasa hivi, dada. Nimeshachoka na yule mbwa."

Jumamosi wakakutana ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenye mbao akarudia wimbo wake ule ule wa mkono na geti. Mama Futi akamwacha amalize, kisha akapanga mezani kadi, risiti na karatasi ya vipimo.

"Namshonea sare mwenyewe," alisema. "Mkono wake ni inchi kumi na tisa mpaka ncha za vidole. Aling'atwa futi ishirini na sita kutoka getini. Mwanangu ana mkono au ana ngazi? Na aliyeingiza mkono, ilikuwaje ang'atwe mguu?"

Mwenyekiti alijikohoza ili asicheke. Muuza mboga hakujizuia, akaangua kicheko, kisha akaeleza jinsi alivyomwona mbwa akipenya chini ya geti kama mwenye nyumba anayekwenda matembezini.

"Unataka kutajirika kwa mgongo wangu," mwenye mbao alinung'unika, lakini sauti ilikuwa imeshashuka.

"Nataka nilichotumia, sindano zilizobaki, na siku nne nilizofunga cherehani. Machozi ya mtoto sikuyaandika. Geti litengenezwe na mbwa achanjwe. Basi."

"Au niipeleke kesi hii mahakamani," mwenyekiti aliongeza.

Akaandika makubaliano, mwenye mbao akatia sahihi. Alilipa nusu siku ile ile. Nusu nyingine aliahidi mwisho wa mwezi. Mama Futi alipofika nje aliegemea ukuta, akacheka peke yake.

Mwisho wa mwezi mwenye mbao alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Alitoa pesa zilizobaki pamoja na kadi ya chanjo ya mbwa, kisha akachuchumaa mbele ya binti.

"Mjukuu wangu, nisamehe."

Mtoto alimtazama kwa makini. "Mbwa naye amechomwa sindano?"

"Amechomwa."

"Alilia?"

"Alilia sana."

"Haya," binti alisema, "nimekusamehe," akarudi kucheza na vifungo vya mama yake.