Nta, Gundi na Gitaa la Mzee Nevio

Saa mbili na robo asubuhi, Ersilia Brandoni anazima redio na kufunga mlango wa karakana yake kwa komeo. Leo hataki mteja wala salamu. Mezani, juu ya blanketi la sufu, gitaa la umeme limelala kifudifudi. Mgongo wake umebanduliwa na tumbo liko wazi.

Anachovya kisu chembamba kwenye maji ya moto, anakifuta, kisha anakipenyeza kati ya uso wa gitaa na kipande cha mbao kinachopita katikati ya tumbo. Anasukuma upana wa ukucha tu. Anachomoa. Anachovya tena.

Hii ni siku ya nne. Zimebaki sentimita sita.

"Usinisemeshe mpaka nikuangalie," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Nikishtuka tu, tumelizika."

Ersilia ana miaka sitini na mitatu. Ni fundi wa kodiani, vile vinanda vya mvukuto, hapa Castelfidardo, Italia, mji ambao hata asiyejua kuimba ana kodiani moja chini ya kitanda. Kazi hiyo humpa kama euro elfu moja na mia tatu kwa mwezi, na mwezi ukiwa mbaya hula kwa wifi yake Tiziana, mwenye baa ya jirani. Magitaa huyapokea mara chache. Hili amelipokea kwa sababu ni yeye aliyeliua.

Linaitwa Rondine, yaani mbayuwayu. Kiwanda kidogo cha kodiani, kilichofungwa zamani, kilitengeneza magitaa kama hili mia moja arobaini na matatu tu kati ya 1964 na 1966, vijana walipoanza kukimbilia ala za umeme. Wanaoyafuatilia wanasema hayazidi thelathini yaliyobaki.

Ukiliona mara ya kwanza unaweza kucheka. Uso umevikwa selulodi, plastiki ya kizamani, nyeupe inayometameta, ileile ya kodiani. Mahali pa swichi kuna vitufe sita vya kodiani. Pande mbili za tumbo ni tupu, katikati kuna mbao. Waliolitengeneza hawakuwahi kutengeneza gitaa maishani mwao, na hawakuona aibu.

Halafu lipigwe. Noti inaanza kavu, kidole kinatulia, na ndipo inapovimba polepole, kama mtu aliyekumbuka neno alilotaka kusema. Mwandishi huyu hana mapenzi na magitaa, mengi ni kelele tupu. Lakini hilo alilisikia mara moja kwenye dansi ya mavuno ya zabibu, na hajalisahau hadi leo.

Siku hiyo alilipiga Nevio Gasparroni, ambaye sasa ana miaka themanini na mmoja. Kwa miaka hamsini alizunguka nalo katika bendi ya dansi, wachezaji wa mazurka na valsi wakizunguka wawili wawili mbele yake. Miaka saba iliyopita, mwezi wa Agosti, alilileta kwa Ersilia kwa sababu lilikuwa likivuma vibaya joto likizidi.

Ersilia alilifungua na kukuta kwamba mbao ya katikati haikushikwa kwa gundi. Ilishikwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa msonobari, ileile ambayo marehemu mama yake, Adele, aliitumia kubandika vilimi vya chuma vinavyotoa sauti ndani ya kodiani.

"Nilicheka peke yangu," anasema, safari hii akiwa ameweka kisu chini. "Nikasema, hawa watu wetu wangeachiwa wangebandika hata paa la kanisa kwa nta. Nikaikwangua yote. Nikaweka gundi ya kisasa, nikafunga. Sikumwambia mtu."

Mvumo uliisha, na sauti ikaisha nao. Jumapili iliyofuata Nevio alipiga nusu ya valsi ya kwanza, akalitazama gitaa, akaliweka chini. Kesho yake alikuja kuuliza amefanya nini mle ndani.

"Nikamjibu, nimekaza tu, Mzee," anasema Ersilia. "Kwa macho makavu kabisa."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa miaka saba, kila Nevio alipomwona anakuja, alivuka barabara. Katika mji mdogo kama huu, mtu huweza kuvukiwa barabara mara mbili kwa siku, na Ersilia anakiri kuna nyakati alinunua mkate kijiji cha pili ili asikutane naye.

Mwezi uliopita aliletewa Rondine nyingine, ambayo haikuwahi kuguswa, ili abadilishe kitufe kimoja. Akaijaribu. Noti ikavimba. Akaelewa kwamba lile kosa la watu wa kodiani ndilo lilikuwa sauti yenyewe, maana nta huiachia mbao itikisike kidogo, nayo gundi huibana kimya. Alikwenda kwa Nevio akiwa bado amevaa aproni.

"Nilimkuta anapalilia nyanya. Nikamwambia palepale, Mzee, ilikuwa nta, mimi nikaweka gundi, na nilikudanganya. Akapalilia mpaka mwisho wa tuta. Halafu akasema, itoe."

Kuitoa si mchezo. Gundi hiyo hulainika kwa joto kali, lakini selulodi iliyo upande wa pili wa uso hushika moto upesi kuliko karatasi yenye petroli. Taa ya joto haifai. Kinachowezekana ni kisu na maji ya moto, na uso wenyewe una unene wa milimita tatu. Ukipasuka, hakuna pa kupata mwingine. Ersilia aliwapigia simu mafundi wawili wa gitaa. Mmoja alimwambia, "Dada, maiti usiifukue."

Saa nne dirisha linagongwa. Ni Tiziana, na kikombe mkononi.

"Wifi, bado unapumua?"

"Nenda zako."

"Kahawa inapoa."

"Hata mimi napoa. Iweke hapo, uende."

"Mwanamke huyu anamhudumia Nevio kuliko alivyomhudumia kaka yangu," Tiziana anamwambia mwandishi kupitia dirishani, kisha anaondoka.

Saa tano kasoro dakika chache, kitu kinalia ndani ya gitaa. Ta. Sauti ndogo sana.

Mkono wa Ersilia unaganda, kisu kikiwa bado ndani. Anakichomoa taratibu, analiinua gitaa na kumulika uso wake kwa tochi. Kando ya tundu la sauti pana ufa, mrefu kama punje ya mchele.

Anakaa kitini na kuikalia mikono yake miwili.

"Naogopa," anasema. "Andika hivyo hivyo. Naogopa sana."

Baada ya muda anasimama, anadondosha tone la asetoni juu ya ufa na kulisugua kwa kidole mpaka selulodi inayeyuka na kujifunga, kama wanavyofanya mafundi wa kodiani. Kisha anachovya kisu. Saa sita na nusu kipande cha mbao kinang'oka kizima.

Nta anaipika mwenyewe katika kisufuria cha Adele. Anaijaribu kwa jino: ikinata, ni laini mno, ikivunjika, ni kavu mno. Anaimwaga mara mbili kabla ya kuridhika. Anaipaka kwenye mbao, mbali na selulodi, na kuibana ikiwa vuguvugu.

Ijumaa Nevio anaingia karakanani kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba. Amenyoa ndevu. Hasalimii.

"Wewe mtoto wa Adele. Liko wapi?"

"Kuna ufa, Mzee," Ersilia anasema kabla mzee hajakaa. "Hapa. Niliutia mimi."

Mzee anavaa miwani na kuutazama kwa muda mrefu.

"Leo umesema kabla ya kuulizwa," anasema, na kuvuta kiti.

Analiunganisha na spika. Anapiga noti moja na kungoja. Ersilia anatazama sakafu. Noti inaanza kavu, inasitasita, inafifia. Anapiga tena.

"Imerudi nusu," anasema. "Iko mlangoni, haijaingia."

"Nta ni mpya, Mzee, imekaza. Lipigwe kila siku, joto la Agosti liilegeze. Septemba itakuwa imekaa."

"Vidole vyangu vinachoka kwa robo saa. Nani wa kulipiga kila siku?"

"Mimi sijui gitaa."

"Ulijua kuliharibu, utajua kulipiga. Njoo kwangu saa kumi na moja jioni. Usichelewe."

Tangu siku hiyo Ersilia anafunga karakana mapema na kupanda kilima hadi kwa Nevio. Amejifunza noti tano na valsi moja, ambayo mzee anasema inachechemea. Mpango wake ni mmoja tu: afike Septemba gitaa likiwa na sauti yake, na mzee mwenyewe akiwa hai kuisikia.

"Jana noti moja ilivimba," anasema. "Moja tu. Mzee alikuwa jikoni anaosha vikombe. Nikasikia amefunga bomba, asikilize."