Amina ya Mgeni

Ilianza siku ya dimanshi, Jumapili, saa kumi na mbili na nusu ya jioni, maharage yakitoa mvuke mezani na hakuna wa kusema Amina. Asifiwe, mutoto aliyeletwa kwetu mchana ule, aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikakaribia sahani. Tulingoja. Mvuke ukaisha. Josue, mwenye miaka minane na tumbo la mutu mzima, akanong'ona, "Huyu ni bubu, ama anatufungisha saumu?" Papa Pasteri, anayetulea, akangoja kidogo tena, kisha akasema, "Mungu amesikia. Kuleni." Tulikula baridi. Asifiwe alikula vijiko viwili tu, macho yake mlangoni.

Ndiyo sheria ya nyumba yetu hapa Katindo: mutoto wa mwisho kufika ndiye anayefunga sala ya chakula. Papa Pasteri anaomba, na Amina ni ya mgeni. "Akiisha kuisema," anatuambiaga, "amekwisha kuingia nyumbani."

Nilimsaidia Mama Kavira, mpishi wetu, kuosha sahani, nikamwambia, "Mama, enzi zetu bubu wa meza hii nilikuwa mimi." Alicheka nusura ashike mbabula, lile jiko la makaa, ikiwa ya moto. "Enzi zenu gani, Furaha? Si juzi tu nilikuwa nakupangusa makamasi?"

Nina miaka kumi na saba. Hata mimi nina enzi zangu.

Enzi zetu uwanja ulikuwa mawe meusi matupu ya volkano. Tulicheza nzango hapo hapo, kuruka na kurushiana miguu huku wengine wanapiga makofi, na ukianguka, jiwe linakuandika goti. Balo ya kuchezea ilikuwa masashe, mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba. Mlima Nyiragongo ukiwaka mwekundu jioni, tulisema Mungu naye amewasha mbabula yake. Na siku Mama Kavira aliporudi kutoka soko la Kituku na ndoo ya sambaza, vile visamaki vya ziwa, nyumba nzima ilinuka mafuta, nasi tulikataa kunawa ili tulale tukinusa vidole. Watoto wa sasa wana balo ya kweli, lakini wameiacha pembeni, wanagombania telefone ya Papa Pasteri isiyo hata na mega za intaneti.

Mimi nililetwa na shangazi kutoka Kibati, baada ya mama kumfuata baba kaburini. Nilikuwa na miaka sita, na sauti yangu ni kama ilibaki njiani. Papa Pasteri aliomba, wote walinigeukia, mimi kimya. Siku ya pili vilevile. Bahati, aliyekuwa mkubwa wetu wote, akanipa jina: Frigo, yaani friji, kwa sababu kila nilipokaa mezani chakula kilipoa. Nilichukia jina lile. Nilipanga kutoroka nirudi Kibati, ila sikujua barabara inaanzia wapi.

Siku ya tatu, mchana, nikaonja maharage, hayakuwa na chumvi hata ya kudanganya ulimi. Nikatazama huku na huku. Wenzangu wote walikuwa wanatafuna kimya, wameyakaza macho kwenye sahani zao. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Haina chumvi!"

Bahati akapiga meza kofi, "Frigo inasema!" na wote wakapiga kelele, "Amina!" Papa Pasteri alicheka mpaka miwani ikaangukia maharage. Mama Kavira akatoka mbio na chumvi, akaanza na sahani yangu. Jioni ile nilifunga sala kwa sauti mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

Miaka yote nilimhurumia Mama Kavira kwa kusahau kule. Dimanshi hii, mikono ndani ya povu, ndipo nilimtajia. Alinitazama kama nimetukana Butembo nzima, mji wa kwao. "Mimi Kavira, nisahau chumvi? Mutoto mwenye haya hawezi kusema 'nisaidieni'. Lakini chakula kibaya kinasemesha hata jiwe."

"Na wale wengine, walijua?"

"Unafikiri nani aliwanyamazisha?"

"Hata Bahati?"

"Bahati aliongeza sahani ya pili, anasema iko tamu."

Nilisugua sufuria moja muda mrefu sana. Enzi zetu kulikuwa na watoto wa kula maharage bila chumvi kwa ajili yako. Hawa wa sasa, na telefone yao, sikuwa na hakika nao.

Leo lundi, Jumatatu asubuhi, nimepika uji mimi mwenyewe. Kusema mbele ya watu kunanikausha mate, lakini niliwaita wote nyuma ya jiko, isipokuwa Asifiwe, nikawaeleza.

"Bila sukari?" Josue aliuliza, kama mutu aliyefiwa.

"Bila sukari. Na usikunje uso."

Nilifunga kopo la sukari ndani ya kikwembe changu cha kiunoni, nikagawa vikombe. Papa Pasteri aliomba, Amina haikuja, Mungu akasikia. Josue akanywa uji wote bila kupumua, machozi yakimlenga, akapangusa mdomo. "Iko tamu sana, yaya Furaha, dada yangu. Niongeze." Wenzake nao wakanyoosha vikombe. Watoto wa sasa, nimewasema bure.

Asifiwe alionja. Akamtazama Josue kama anayetazama mwendawazimu, akaonja tena, akanivuta kikwembe.

Nikainama, sikio karibu na mdomo wake, mkono tayari kwenye kopo la sukari.