Mashine ya Presha Barazani kwa Mama

Kaka yangu alimletea mama mashine ndogo ya umeme kutoka Murongo, yenye nyaya mbili za kubandika mkononi. Muuzaji alimwapia kwamba inashusha presha. Mama akaibandika, mkono ukarukaruka, akapiga kigelegele. "Hii ndiyo dawa! Naisikia ikifanya kazi." Vidonge vyake vya presha, ambavyo havikuwahi kumrusha hata kidole, akavitupia juu ya kabati.

Nilipofika Songambele likizoni, nilikuta baraza limegeuka kliniki. Majirani wanne walisubiri zamu ya kupigwa shoti, na mama, ambaye hajui kumkaribisha mtu mikono mitupu, alikuwa amewazungushia kahawa ya kutafuna, zile buni kavu za kukaribishia wageni. Wanatafuna, wanarushwa, wanacheka. Nikawaamkia shikamoo, nikatoa kipimo changu cha presha. Wote juu! Ya mama ilinitisha hadi nikapima mara mbili.

"Ndiyo inatoka hiyo," mama akanituliza. "Lazima ipande kwanza ndipo itoke."

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilichomoa nyaya, nikaifungia mashine kwenye begi langu, na asubuhi nikampakia mama kwenye bodaboda hadi kwa muuguzi. Muuguzi aliicheka kahawa, akasema nayo hupandisha presha. Habari ya vidonge hakuicheka. Alisema umeme wa kutibu presha upo, ila wataalamu bado wanauchunguza, na kidude chetu ni cha misuli inayouma tu. Akamwambia mama kwamba kiharusi hakipigi hodi. Mama akameza kidonge palepale, amenuna.

Nilirudi nyumbani kichwa kimenivimba: nimemwokoa mama! Siku ya tatu presha ilianza kushuka. Siku hiyohiyo nilimkuta ameketi barazani peke yake, glasi ya maji mkononi, kidonge kwenye kiganja, anatazama njia ya migombani. Hapakuwa na mtu anayekuja.

"Nitameza, usinikodolee macho," alisema. "Ila tangu baba yako afariki, mwanangu, kidonge hakijawahi kuniuliza nimeamkaje. Kile kidude kilikuwa kinaniletea watu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mimi mwenye kipimo humpigia simu mara moja kwa mwezi, na swali langu la kwanza huwa ni presha.