Mlango wa Kumtolea Mgeni

Mama Clothilde alikuwa mtu wa shukrani. Alishukuru kwa maji ya bomba ya Gulfton, mtaa wao huko Texas, kwa basi linalokuja kweli, hata kwa kiwanda cha magodoro kilichomharibu mgongo. Watu walimcheka. Lakini bintiye Zoé alipoajiriwa pale pale na kuwekwa upande wa nyuma, penye sponji na gundi, shukrani ilimkwama kooni. Mlango wa dharura wa upande ule ulifungwa kwa mnyororo, eti mito isiibwe. Moto ukiwaka, Zoé atatokea wapi?

Mkaguzi wa usalama wa mji alikuja kila mwaka. Alikula nyama ya kuchoma ofisini na mwenye kiwanda, rafiki mkubwa wa meya, akaondoka na bahasha bila kufika nyuma. Clothilde, mzaliwa wa Bukavu, hakuhitaji kuelezwa. Tumbo la mla rushwa ni lile lile, uwe Kongo uwe Texas.

Mwaka huu mkaguzi alipotoka ofisini akijifuta midomo, alimkuta Clothilde njiani na wamama wenzake wa kiwandani.

"Zoé, umwambie huyu papa: kwetu mugeni hatokake yeye moko. Tutamusindikiza."

"Mama, please! Watatu-fire kazini!"

"Umwambie."

Zoé akatafsiri huku akiona haya. Mkaguzi akacheka, akaipenda mila hiyo. Clothilde akamshika mkono kwa heshima, wamama wakaanza wimbo wa kanisani, wakampeleka taratibu, si mbele alikoegesha gari, bali nyuma, mpaka kwenye mnyororo. Hapo wimbo ukakoma, simu zikainuliwa.

"Papa Kiplagat," Clothilde akamwambia msimamizi, "mufungulie mugeni."

"Mama Zoé, huo mlango huwa hau-open."

Mkaguzi akautazama mnyororo, akazitazama simu, akaiva uso kama nyanya.

"Ukateni," akasema. "Leo hii."

Ukakatwa. Miezi michache baadaye gundi ikashika moto. Clothilde, aliyekuwa upande wa mbele, alilizunguka jengo mbio na mgongo wake mbovu, akamkuta Zoé kwenye nyasi, anakohoa, mzima. Akalia bila aibu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila Jumapili Clothilde humwombea yule mkaguzi kwa jina, kwa sauti, na Zoé humvuta kitenge.

"Mama, lakini yule ni mwizi!"

"Ni mwizi, ndiyo. Lakini alikubali kusindikizwa."