Siku Sauti ya Tata Ilipokauka

Tangawizi ikichemka mahali, hata kwa jirani, mimi naziba pua na kutoka nje. Wenzangu pale hospitalini wananicheka, wanasema labda nina mimba ya uzeeni. Wacha wacheke. Mimi ile harufu inanirudisha jikoni kwetu Kapata, mtaa wa wachimbaji pale Kolwezi, kwenye sufuria ya mama juu ya makaa, na mimi nimechuchumaa mlangoni nikiomba tangawizi isiive.

Tata yangu, yaani baba, alikuwa golikipa wa timu ya kampuni ya machimbo. Msidhani tulikuwa matajiri. Miaka ile ya Zaïre, mpira kwetu haukuleta pesa, ulileta kazi nyepesi. Mchezaji aliwekwa kazi za juu, za mchana. Tata aligawa koleo na kofia za kazi kwenye ghala, na jioni alirudi na shati safi. Lakini mchezaji akitolewa timuni, alirudishwa shimoni Mutoshi pamoja na wengine. Shimo lile mama hakutaka hata kulisikia likitajwa. Kaka yake aliangukiwa na udongo humo, na kitu pekee walichomletea mama kilikuwa viatu vyake.

Sasa, tata golini alikuwa mtu wa kelele. Jamani, kelele! Tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho hakufunga mdomo. "Kazadi, kushoto! Kushoto, mutu! Nyuma yako! Weye, rudia, rudia!" Kazadi alikuwa beki wake wa kati, kijana mrefu wa Kaskazini, na nadhani jina lake lilijulikana Kolwezi nzima kwa sababu ya koo la tata. Watu walimpachika tata jina la Redio. Mimi nilikuwa na umri wa kuona haya, nikawa nakaa upande wa pili wa kiwanja, mbali na goli lake, ili wasichana wa darasa letu wasiniunganishe naye. Kazi bure. Walikuwa wanapita wanauliza, "Ngalula, ile redio yenu haina pa kuzimia?"

Msimu mmoja tukaletewa mkufunzi mpya, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu mwembamba mwenye abakosti, ile suti ya enzi zile isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Tulimwita Citoyen Mwalimu, maana miaka ile kila mtu aliitwa citoyen, mwananchi. Kabla yake, timu ilipangwa na wakubwa, kila mmoja na mpwa wake, kila mmoja na mtu wa kwao, Mkasai huku, Mkatanga kule. Yeye alikataa. Alisimama mbele ya watu akasema, "Mi sitauliza mutu ametoka wapi. Nitahesabu tu." Watu wakapiga makofi, na tata alipiga kuliko wote.

Na kweli alihesabu. Aliketi pembeni ya kiwanja na vijana wake wawili wa shule, wanachora vijistari. Mpira ulionyang'anywa, mpira uliopotezwa, pasi iliyofika, pasi iliyokwenda kwa adui. Hii wanaijumlisha, ile wanaitoa, wanagawanya kwa dakika mtu alizocheza, na mwishowe kila mchezaji anabaki na namba moja. Jumatatu namba zinaandikwa kwa chaki kwenye ubao nje ya klabu, toka mkubwa mpaka mdogo. Zilikuwa na koma! Sisi watoto tulishangaa sana kwamba mtu mzima, baba wa watu, anaweza kuwa na koma. Kipa alihesabiwa kwa mipira aliyoiokoa. Na nani angepinga? Kazi ya kipa ni nini kama si hiyo?

Jumatatu ya kwanza jina la tata lilikuwa chini. Ya pili, chini zaidi. Timu ilikuwa inashinda, tata hafungwi, lakini mipira ya kuokoa haimfikii. Mechi nzima anadaka miwili mitatu, tena ile ya kitoto inayokuja ikiviringika. Ilunga, kipa kijana wa akiba, akicheza dakika chache tu anaruka kama paka na ubao unampandisha. Ikaanza kusemwa kwamba Redio ni kelele tu, kazi hafanyi. Mwisho wa msimu Citoyen Mwalimu angechagua kipa mmoja kwa kufuata ubao wa mwisho, na mwingine angetolewa timuni. Nyumbani hakuna aliyelitaja jambo hilo, lakini mama alianza kuunguza ugali, mama yangu ambaye hakuunguzaga kitu.

Ikaja kiangazi, na baridi yake ya asubuhi, na lile vumbi jekundu la Kolwezi. Siku moja tata aliamka koo limekauka. Akifungua mdomo inatoka pumzi tu. Mechi ilikuwa alasiri hiyo hiyo, na alikwenda hivyo hivyo.

"Leo Redio imeisha mapili!" watu walipiga kelele, yaani betri. Lakini loo, kilichofuata! Mipira ilikuja golini kwetu toka kila upande. Kazadi na mabeki wenzake wanagongana, wanageuka-geuka, adui anapita katikati yao. Na tata anaruka! Anaruka kushoto, anaruka kulia, anautoa mpira kwa kidole, anaukumbatia miguuni mwa watu. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Nilihama upande wangu wa aibu nikaenda kusimama nyuma ya goli lake, nikimwonyesha kwa kila mtu: yule ni tata yangu, yule pale. Tulifungwa, ndiyo, lakini nani alijali? Walimbeba mabegani. Jumatatu alikuwa wa kwanza kwenye ubao, juu ya washambuliaji wote.

Nilikimbia nyumbani kumwambia. Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Hakucheka. Alimwonyesha mama koo lake, akanong'ona, "Leta tangawizi."

Mama hakutikisika. Mechi ya mwisho wa msimu ilikuwa Jumapili inayofuata.

"Baba Ngalula," mama alisema, "hii sauti ikikawia kidogo, ni mubaya?"

"Umeona bale batoto? Banakimbia kama kuku. Hakuna wa kubaambia mutu iko nyuma yabo."

"Mi minaona kaka yangu. Njo ule minaona, yeye tu."

 Tata akanong'ona tena, taratibu, "Leta tangawizi, mama." Na mama akaiweka jikoni, akipuliza makaa kwa hasira mpaka jivu likamrukia usoni. Nikachuchumaa pale mlangoni. Tangawizi ikaiva.

Jumapili sauti ilikuwa imerudi yote. "Kazadi, nyuma yako! Kushoto!" Kila akipiga kelele niliona kinachotokea: Kazadi anageuka, anaziba, mpira unarudi ulikotoka. Mimi, mtoto wa kipa, nilikuwa naomba adui apige. Piga, jamani, piga basi hata mmoja! Hawakupiga. Tukashinda, watu wakacheza mpaka barabarani, na mimi peke yangu nikalia.

Citoyen Mwalimu alikuja nyumbani mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, alivua kofia mlangoni. Alimweleza tata namba zake zote, kwa utaratibu, akamuuliza, "Tata, kama kuna kitu sikuhesabu, uniambie." Na yule mtu aliyepiga kelele dakika zote tisini alikuna goti. Akasema, "Ni vile, citoyen." Wiki hiyo alirudi Mutoshi. Nilimkasirikia miaka mingi. Alikuwa na njia ya kutuokoa na wasiwasi wote ule, kufunga mdomo tu, na hakufunga.

Mama hakulala vizuri tena mpaka tata alipostaafu. Tata alirudi kila siku, mwekundu kwa vumbi, sauti imekauka, anaomba tangawizi. Nilidhani ni vumbi.

Alikufa mzee, kitandani mwake. Kwenye matanga akaja mtu mrefu mwenye mvi, akaketi karibu na mama. Alikuwa Kazadi. Mpira ulipomwishia naye alipelekwa shimoni, kwenye kikosi cha tata.

"Siku moja udongo ulianza kushuka," alituambia. "Mi sikuuona. Nilisikia tu, Kazadi, nyuma yako! Nikakimbia. Na wenzangu vile vile, kila mutu na jina yake. Hatukugeuka hata kuangalia." Akamgeukia mama. "Tata alituambia tusiseme nyumbani. Alisema mama ataogopa."

Mimi ni mkunga. Usiku ambao hakuna kilichotokea wodini, ripoti yangu ni mstari mmoja, na asubuhi wakubwa wanauliza kama nililala. Nakuna goti tu.

 Mama alinyanyuka kwa shida, akachukua tangawizi, akaenda jikoni, na baadaye kidogo nikasikia anapuliza makaa.